Mshahara wa Muuguzi



Juma hili tumeona vema tutafakari ndoa moja iliyovunjika zamani, mbali na parokia yetu, kati ya watu wawili ambao mmoja wao anajulikana dunia nzima na mwingine karibu amesahaulika. Tumesukumwa kufanya hivyo na jambo ambalo kila padre anayeketi ofisini kusikiliza wanandoa hulisikia mara nyingi mno: mke aliyeuza maandazi, au aliyefundisha shule ya msingi, au aliyefanya kazi za usiku hospitalini, ili mumewe asome, na mume akiisha kupata cheo, ndoa inaanza kunyauka, na jasho lile halitajwi tena popote. Mara nyingine mambo huwa kinyume, mume ndiye aliyebeba. Lakini hayo ya kwanza ndiyo tunayoyasikia zaidi.

Jina la Nelson Mandela halihitaji kuelezwa kwa Watanzania. Mwanzoni mwa mwaka 1962 alipita Mbeya na kufika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Chama chake cha ANC kilipewa hifadhi nchini mwetu, na wazee wa Morogoro wanaikumbuka Mazimbu. Jijini Dar es Salaam ipo barabara yenye jina lake, na Arusha kipo chuo. Ukimwuliza kijana yeyote jina la mke wa Mandela, atakutajia Winnie, na aliyesoma zaidi ataongeza Graça Machel. Mke wa kwanza, aliyeishi naye zaidi ya miaka kumi na kumzalia watoto wanne, ni wachache wanaomjua. Aliitwa Evelyn Ntoko Mase.

Evelyn alizaliwa mwaka 1922 huko Engcobo, katika Transkei. Baba yake, mfanyakazi wa migodini, alifariki Evelyn akiwa bado mtoto mchanga, na mama akafariki binti akiwa na miaka kumi na miwili tu. Ndipo akapelekwa Johannesburg kwa kaka yake, na baadaye akapokewa katika nyumba ya akina Sisulu, ndugu zake, kule Orlando. Mama yake Walter Sisulu alimlea kama binti yake wa kumzaa. Akajifunza uuguzi katika hospitali kuu ya wasio Wazungu mjini Johannesburg, na mwenzake katika masomo hayo alikuwa Albertina Thethiwe, aliyekuwa mchumba wa Walter.

Hapa tunaomba kupinda kidogo, maana Albertina alikuwa Mkatoliki na habari yake ina ladha kwetu. Naye alikuwa yatima, na wadogo zake walimtegemea. Alisoma katika misioni ya Mariazell, Matatiele, akabatizwa huko, na alitamani kuwa mtawa. Padre Bernard Huss aliyekuwa misioni hapo alimweleza waziwazi kwamba watawa hawapati mshahara, na kwamba akiingia utawani hataweza kuwasaidia wadogo zake kama alivyokusudia. Akamshauri awe muuguzi. Tumeipenda busara ya padre huyu. Wengi wetu tungefurahi kuhesabu wito mmoja zaidi, tukasahau watoto walioachwa nyumbani bila chakula.

Basi katika mwaka ule mmoja wa 1944, wauguzi hawa wawili, mayatima wote wawili, waliotoka Transkei na kupokewa na familia ile ile, waliolewa. Albertina aliolewa na Walter mwezi Julai. Evelyn aliolewa na Mandela tarehe 5 Oktoba, miezi michache tu baada ya kukutana naye sebuleni kwa akina Sisulu.

Harusi ya Julai ilikuwa na karamu na wageni, na Mandela mwenyewe alimsimamia bwana harusi. Anton Lembede, kiongozi wa Umoja wa Vijana wa ANC, alisimama akamwonya bibi harusi mbele ya watu wote kwamba anaolewa na mtu ambaye tayari ameoa, na mke wake wa kwanza ni taifa. Watu husimulia onyo hilo kama mzaha wa harusini. Sisi tunaliona kuwa mojawapo ya mafundisho bora ya maandalizi ya ndoa tuliyowahi kuyasikia. Binti aliambiwa gharama kabla hajaingia.

Harusi ya Oktoba haikuwa na karamu. Nelson na Evelyn hawakuwa na fedha za sherehe wala za kufuata desturi zote za kwao. Walikwenda mbele ya Kamishna wa masuala ya Waafrika mjini Johannesburg, wakatia sahihi, wakarudi. Kwa kuwa hapakuwa na karamu, hapakuwa na hotuba pia, wala mtu wa kusimama kumwambia Evelyn anaolewa na nani.

Na kwa hakika siku ile hata bwana harusi hakujijua bado. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, karani mwanafunzi katika ofisi ya mawakili wa Kizungu, akisoma sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Hawakuwa na nyumba. Walianza kukaa kwa kaka yake Evelyn, kisha kwa dada yake, ambaye mumewe alikuwa karani mgodini City Deep, na huko huko City Deep Evelyn alifanya kazi ya uuguzi. Mwaka 1945 alizaliwa Thembekile. Baadaye wakapata nyumba ya manispaa ya vyumba viwili, kisha ile namba 8115 ya Orlando Magharibi, iliyokuwa na paa la bati, sakafu ya saruji, jiko finyu, na choo cha ndoo uani. Taa za barabarani zilikuwepo nje, ila ndani waliwasha taa za mafuta. Leo nyumba hiyo ni makumbusho, na watalii hupanga foleni kuiona.

Mwanzoni mwa mwaka 1947 Mandela alimaliza muda wake katika ofisi ile ya mawakili, akaamua kusoma kutwa nzima ili amalize shahada. Hapo ndipo mshahara wake wa paundi nane na ushee kwa mwezi ulipokoma. Nyumba ile, pamoja na mtoto, ikawa inaishi kwa mshahara wa muuguzi. Mandela aliomba mkopo wa paundi 250 katika mfuko uliosaidia masomo ya Waafrika, akapewa paundi 150. Baada ya miezi mitatu aliandika tena kuomba nyongeza, na katika barua hiyo akaeleza sababu: mke wake alikuwa karibu kuanza likizo ya uzazi, na wangeupoteza mshahara wake wa paundi 17 kwa mwezi, ambao bila huo wasingeweza kuishi.

Tumeirudia habari ya barua hii mara kadhaa. Miaka miwili na zaidi Evelyn aliamka alfajiri akaenda hospitali, akarudi akapika, akafua, akanyonyesha. Hayo yote hayakuandikwa katika karatasi yoyote, kwa sababu yalikuwa yanafanyika. Aliingia katika maandishi siku mshahara wake ulipokuwa unakatika. Tukipiga hesabu, zile paundi 150 za mkopo wa kwanza hazifiki mishahara yake ya miezi tisa. Lakini mkopo huandikwa, hutiwa sahihi, na hudaiwa. Mshahara wa mke huingia mezani ukiwa mkate na sukari, ukaliwa.

Mandela alipata ile nyongeza. Mtoto aliyezaliwa alikuwa msichana, wakamwita Makaziwe, naye alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Evelyn na mumewe walikesha kwa zamu usiku kucha kumwangalia, na mama alikuwa muuguzi, tena muuguzi mzuri, lakini hapakuwa na daktari aliyeujua ugonjwa. Mtoto alifariki akiwa na umri wa miezi tisa. Wazazi waliowahi kuzika mtoto wanajua jambo hilo hufanya nini ndani ya nyumba, nasi hatutaongeza neno.

Tuwe waadilifu kwa upande wa mume. Mandela wa miaka ile hakuwa baba mkorofi nyumbani. Alipenda kuwaogesha watoto, kuwalisha na kuwalaza, jambo ambalo wanaume wengi wa rika lake wasingekubali kuonekana wakilifanya. Mwaka 1949 mama yake alikuja kukaa nao, na Evelyn akaelewana naye vizuri. Mwaka 1950 akazaliwa Makgatho. Ila shahada haikupatikana: mwaka huo wa 1949 Mandela alitoka Witwatersrand akiwa ameshindwa mitihani ya mwisho na chuo kikiwa kimekataa kumpa nafasi ya kurudia. Aliingia katika uwakili kwa mtihani wa kitaaluma, na mwaka 1952 akafungua ofisi yake, kisha ile ya ubia na Oliver Tambo. Shahada ya sheria aliipata kwa masomo ya posta mwaka 1989, akiwa mfungwa.

Ugomvi ulitoka wapi basi? Yeye mwenyewe ameandika katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1994, kwamba Evelyn alidhani siasa ni mchezo wa ujana utakaopita, na kwamba siku moja wangerudi Transkei akafanya kazi ya uwakili huko. Hili ndilo tunaloliona kuwa kiini cha jambo lote. Evelyn alikuwa akijenga kitu. Kila paundi aliyoleta ilikuwa tofali la nyumba aliyoiona akilini mwake: mume wakili, mji mdogo wa kwao, watoto wakienda shule wakiwa na viatu. Mume alikuwa akijenga kitu kingine kwa matofali hayo hayo. Hakuna aliyesema uongo. Hawakuwahi kuketi wakaulizana ni nyumba gani inajengwa.

Wapo wanaosema kwamba kosa lilikuwa la Evelyn, kwa kuwa hakuelewa ukubwa wa mapambano. Sisi hatukubali. Hata mume wake hakuuelewa mwaka 1944. Evelyn hakukaa akisubiri kubebwa pia. Mnamo mwaka 1952 na 1953 alikwenda Durban kusomea ukunga katika hospitali ya King Edward VII, akafaulu, wakati mama mkwe na wifi wakiangalia watoto. Alirudi akiwa na cheti chake, akakuta mume anayetoka alfajiri na kurudi usiku wa manane. Mtoto mkubwa, Thembi, siku moja alimwuliza mama yake baba anaishi wapi.

Baada ya kuzaliwa mtoto wa nne mwaka 1954, msichana aliyepewa tena jina la Makaziwe, Evelyn alijiunga na Mashahidi wa Yehova. Mapadre hatuna desturi ya kuwasifu Mashahidi wa Yehova, na hatutaanza leo. Lakini tunaweza kuelewa ni kwa nini mwanamke aliyezika mtoto na kukaa peke yake usiku alitafuta mahali pa kushika. Alimpa mumewe majarida ya dini asome. Mume aliona imani ile inafundisha watu kuinamia dhuluma. Akawa anawafundisha watoto siasa, mama akiwapeleka ibadani, na ukutani zikaning'inia picha za Gandhi na Churchill na Stalin, mambo ambayo mama hakuyaelewa yana nini na wanawe. Kulikuwa pia na maneno juu ya wanawake wengine. Mwaka 1956 Evelyn alifungua madai mahakamani na katika hati yake alidai kwamba alipigwa, Mandela alikana, madai yakaondolewa kabla ya kusikilizwa. Hatuna mamlaka ya kuhukumu lililotokea ndani ya milango iliyofungwa, ila tungekuwa waongo kama tungeliruka.

Walter Sisulu alijaribu kuwapatanisha. Alikuwa ndugu ya mke na rafiki wa mume, na yeye na Albertina waliumia sana. Mandela alimjibu kwa ukali kwamba hayamhusu, na baadaye akajuta kwa jibu hilo. Evelyn alimtaka achague kati yake na ANC. Tarehe 5 Desemba 1956, alfajiri, polisi waligonga mlango wakamkamata kwa kesi ya uhaini, watoto wakiangalia. Alipotoka kwa dhamana baada ya wiki mbili hivi, alikuta nyumba tupu. Evelyn alikuwa amehama na watoto. Alikuwa amechukua hata mapazia, na Mandela anakiri kwamba jambo hilo dogo lilimvunja moyo kuliko mengine.

Ameliandika kama ajabu asiyoweza kuieleza. Sisi hatuoni ajabu kubwa. Mapazia ni katika vitu vichache ambavyo mke wa nyumba ya manispaa alivichagua yeye dukani, akavipima, akavishona, akavitundika. Talaka ilitoka tarehe 19 Machi 1958. Mwezi Juni mwaka huo huo Mandela alimwoa Winnie.

Mtu atatuuliza: mbona Albertina alibeba mzigo ule ule na ndoa yake ikasimama? Ni kweli kabisa. Walter alipochaguliwa Katibu Mkuu wa ANC mwezi Desemba 1949 aliacha shughuli za kumpatia riziki, na posho ya chama ilikuwa ndogo tena haikuja kila mwezi. Tangu hapo nyumba ilikula kwa mshahara wa Albertina. Kisha Walter akafungwa maisha mwaka 1964, akatoka Oktoba 1989, na mkewe alikuwa akimsubiri. Wengine husema Albertina alikuwa na moyo wa chuma. Huenda. Lakini tunaona pia kwamba yeye alionywa hadharani siku ya kwanza, akajibu kwa hiari yake. Kwamba mumewe hakuficha ni nani anayelisha nyumba. Na kwamba Albertina aliingia katika mapambano hayo kwa miguu yake mwenyewe, akaandamana na wanawake wenzake hadi Pretoria tarehe 9 Agosti 1956, akawekwa kizuizini. Kazi ya mume ilikuwa yake pia, kwa jina lake. Evelyn hakuupata mwaliko huo kwa namna ambayo angeweza kuuitika, au hakuutaka. Na hata kama hakuutaka, paundi zake zilikuwa zimekwisha kutumika.

Tunakumbuka jinsi Mwinjili Luka, katika sura ya nane, anavyosimama kidogo katikati ya habari za safari za Bwana kuwataja wanawake waliomhudumia yeye na Mitume kwa mali zao: Maria Magdalena, Yohana mke wa Kuza msimamizi wa Herode, Susana, na wengine wengi. Luka angeweza kuiruka aya ile na simulizi isingepungukiwa kitu. Aliona haifai kusimulia safari bila kusema nani alilipia mkate. Kila kitabu cha maisha ya Mandela humtaja wakili aliyempokea ofisini, na Walter aliyempeleka kwa wakili huyo. Hawa ni watu wawili waliomfungulia mlango, nao wanastahili. Aliyelipia miaka ya kukaa ndani ya mlango huo hupewa nusu ukurasa, halafu simulizi inakimbilia kwa Winnie.

Haitoshi kusema Mandela hakushukuru kabisa. Katika kitabu kile kile cha 1994 anaueleza mshahara ule, anaitaja barua ile ya mkopo, na anasema hakuacha kumheshimu Evelyn. Sisi wenyewe tusingeyajua haya kama yeye asingeyaandika. Lakini ilikuwa miaka thelathini na sita baada ya talaka, na aliyestahili kuambiwa alikuwa mbali. Wanandoa wanaotusoma watajua kwamba kuna maneno yenye thamani kubwa Jumanne jioni mezani, sahani zikiwa bado hazijaoshwa.

Evelyn alirudi Transkei na watoto, akafungua duka dogo Cofimvaba, akauza mahitaji ya watu wa vijijini kwa miaka mingi na kuihubiri dini yake. Mwezi Julai 1969 Thembi, yule aliyeuliza baba anaishi wapi, alifariki katika ajali ya gari. Baba aliomba ruhusa ya kuhudhuria mazishi, wakuu wa gereza la Kisiwa cha Robben wakamnyima. Akaketi akamwandikia Evelyn barua ya pole. Mwaka 1990, Mandela alipotoka kifungoni na watu wakawa wakimfananisha na kurudi kwake Kristo, mwanamke yule wa dukani alikuwa mmoja wa wachache waliokataa hadharani, akikumbusha kwamba anayefananishwa na Kristo alikuwa ameacha mke na watoto. Magazeti yalilichukua kama uchungu wa mtalaka. Kama katekesi, hatuoni kosa ndani yake.

Aliolewa tena mwaka 1998, akiwa na miaka sabini na sita. Alifariki tarehe 30 Aprili 2004 kwa maradhi ya kupumua, akazikwa Johannesburg. Mandela, mzee wa miaka themanini na mitano, alikuwepo mazishini.